Chupa ya mafuta, saa ya mkononi na kilo 12

Miezi miwili ya kwanza nilitembea hatua 10,000 karibu kila siku, na mizani haikusogea hata nusu kilo. Naanza na hilo kwa sababu najua wako wengi waliofika hapo wakakata tamaa, wakavua saa ya kuhesabu hatua wakaiweka kwenye droo. Mimi nami nilikuwa karibu kuivua.

Nina miaka 42, nakaa Kimara, nafanya uhasibu kwenye duka la jumla Kariakoo. Kazi yenyewe ni kukaa kitako tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Wakati naanza nilikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160. Nilipopimwa sukari asubuhi kabla ya kula ilisoma 6.4. Daktari akaniambia bado sijafika kwenye kisukari, ila niko njiani. Mama yangu alikatwa vidole vya mguu kwa ugonjwa huo. Nilitoka pale nikiiwaza miguu ya mama.

Nikanunua saa ya kuhesabu hatua, ya bei ya chini, nikaweka programu ya kalori kwenye simu. Jioni nikawa nashuka kwenye mwendokasi vituo vitatu kabla ya kwangu, nikitembea sehemu iliyobaki. Hapo napata hatua kama 3,000. Nyingine nilizikusanya mchana kwa kuzunguka Kariakoo wakati wa chakula, na alfajiri mtaani kwetu pamoja na jirani yangu, maana peke yangu gizani sikuthubutu.

Kwa nini 10,000? Nilidhani ni namba ya madaktari. Kumbe ilianzia Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kilipotolewa sokoni kifaa cha kiunoni kiitwacho manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ni namba nzuri ya kukumbukwa, basi. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019, uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka mpaka karibu 7,500 kisha ikatulia. Huo ulihusu vifo, haukuhusu uzito. Lakini ulinitoa hofu ya siku ambazo sikufika elfu kumi, nikashusha lengo langu kuwa 7,500. Lengo unalolifikia siku sita kwa wiki lina faida kuliko lile unalolifikia Jumamosi tu.

Jambo jingine: saa haioni miguu. Ndani yake kuna kihisi kinachosoma mtikisiko wa mkono. Nikikanda unga wa chapati inaniandikia hatua mia kadhaa nami nimesimama palepale. Bajaji ikipita barabara ya mashimo inanihesabia. Nikirudi sokoni nimeshika kikapu kizito kwa mkono ule wenye saa, nusu ya safari haionekani. Usigombane nayo. Ivae mkono uleule, halafu linganisha wiki hii na wiki iliyopita. Kwa hilo inafaa sana.

Kisichofaa ni zile kalori inazodai umeunguza. Hapo ndipo nilipopotea miezi miwili. Kila jioni programu iliniandikia kwamba nimetumia kalori 500 na zaidi kwa kutembea, kwa hiyo nina nafasi ya kula kiasi hicho, na mimi nikala. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa saba vya mkononi. Mapigo ya moyo vingi vilisoma vizuri, lakini kwa kalori hata kile kilichokaribia zaidi ukweli kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Ingia kwenye programu yako leo uzime sehemu inayokuongezea chakula kwa sababu ya hatua. Ukibaki na ushauri mmoja tu kutoka kwangu, ubaki na huo.

Sasa tuje jikoni, maana huko ndiko kilo zangu zilikokuwa.

Sisi ni watu watano na chakula kinatoka sufuria moja. Nani atajua kijiko changu kilikuwa na kalori ngapi? Kwenye simu niliandika ugali nikapata majibu sita yanayopishana. Mchicha wa nazi haukuwepo kabisa. Kilichonisaidia ni jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa 2008 na chuo cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, ambalo lina vyakula tunavyokula sisi. Na kilichonisaidia zaidi ni kufanya hesabu kama ninavyofanya kazini: kuangalia kilichoingia stoo na siku kilipokwisha.

Niliandika tarehe juu ya chupa ya mafuta ya lita 1 kwa kalamu ya wino mzito. Ilikwisha siku ya nne. Lita ya mafuta ina gramu kama 920, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Hiyo ni kalori 8,280. Gawa kwa siku 4, gawa kwa watu 5: kila mmoja wetu alikuwa anakula kalori 414 za mafuta kwa siku, bado hujahesabu nazi, nyama wala maandazi ya kununua. Kwa uzito niliokuwa nao, hatua 10,000 ziliniunguzia kama 350. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Kutembea kwangu kote kulikuwa kunamezwa na kikaango.

Nikapima na chapati. Kilo ya unga wa ngano ni kalori 3,600 hivi, robo lita ya mafuta ni kama 2,070, tunapata chapati 15. Moja inakaribia 380. Nilikuwa nakula mbili na chai ya vijiko vitatu vya sukari, halafu najisifu kwamba sijala kitu kizito.

Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa anamimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa, nami ndivyo nilivyomfundisha. Tukakaa tukakubaliana kijiko cha mezani: viwili kwa mboga ya majani, vitatu kwa mchuzi. Kijiko kimoja ni kalori kama 120, kwa hiyo hapa ndipo penye faida. Chapati zikahamia Jumapili. Sukari kwenye chai nikaishusha nusu kijiko kila wiki mpaka ikabaki nusu kijiko, na ulimi ulizoea.

Kwa vyakula vya sufuria njia yangu ni hii. Pima sufuria tupu, andika uzito wake ukutani. Pima kila chenye uzito wa maana kinachoingia: maharage makavu, mafuta, tui. Kikiiva pima tena, toa uzito wa sufuria, kisha jumlisha kalori za vyote vilivyoingia, gawa kwa gramu zilizobaki, zidisha kwa 100, utajua gramu 100 zina kalori ngapi. Kisha pima upawa mmoja. Upawa wetu unachukua gramu 120 za maharage, na tangu hapo sikuhitaji kupima tena, nahesabu pawa tu. Ugali pima unga mkavu, maana maji yanadanganya: gramu 100 za unga wa mahindi ni kalori kama 360 hata ukiusonga mwepisi au mgumu. Fanya hivi wiki tatu au nne kwa vyakula mnavyovirudia. Kupima maisha yote hakuna haja.

Uzito wenyewe naupima Ijumaa asubuhi kabla ya chai. Wiki ya hedhi hupanda karibu kilo nzima, ni maji. Kwa hiyo nalinganisha mwezi na mwezi. Nilipungua kilo 12 kwa miezi 11, na kati yake iko miezi mingine miwili ambayo sikupungua chochote, mmoja ukiwa Ramadhani. Futari ya kwetu ni mihogo ya nazi, tambi na kaimati, na sikutaka kuharibu futari ya watu. Nilichofanya ni kutembea nusu saa baada ya tarawehe ili nisiongezeke, na sikuongezeka.

Hili la mwisho hakuna aliyeniandaa nalo: maneno. Kwetu kunenepa ni sifa, na kukonda ni habari mbaya. Nilipofika kilo 82 shoga zangu wakaanza kunivuta pembeni. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga hakungoja hata nimalize shikamoo. "Mwanangu, mbona umekwisha hivi? Unaumwa, au hamli vizuri mnanificha?" Nikamwambia, "Siumwi mama, nimepunguza kwa makusudi, sukari ilianza kupanda." Hakuniamini mpaka nilipomletea kadi ya kliniki tukasoma pamoja 6.4 na chini yake 5.5. Waambie watu wako wa karibu mapema, kabla mwili haujaonyesha, na ukiwa na kipimo mkononi. Mume wangu alijua tangu siku ya kwanza, na mara nyingi ndiye aliyeyanyamazisha maneno hayo mezani.

Kama unatumia dawa za kisukari au sindano za insulini, ongea na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla. Mjamzito na anayenyonyesha asifanye hesabu hizi peke yake. Na usishuke chini ya kalori 1,200 kwa kutaka haraka. Mimi nilikaa kati ya 1,600 na 1,700, na sikulala na njaa.

Chupa ya mafuta iliyopo jikoni leo ina tarehe ya siku tisa zilizopita. Bado ina vidole viwili.