Kabla ya kununua pedali nyingine, nunua umeme wake

Msimu wa korosho ukifunguka na pesa ikaingia mitaani, vijana wanaopiga gitaa huku kwetu Mtwara huanza kuniuliza: ninunue pedali gani sasa? Distoshoni, dilei, korasi? (Pedali ni kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa: distoshoni huikwaruza, dilei huirudia kama mwangwi, korasi huinenepesha.) Nami huwauliza: hizo ulizonazo unaziwasha na nini? Mara nyingi jibu ni adapta iliyookotwa nyumbani, ya ruta au ya king'amuzi, na waya mmoja uliogawanywa matawi. Halafu mtu analalamika kwamba gitaa linavuma, dilei inajizima katikati ya pambio, au pedali mpya imekufa siku hiyo hiyo aliyoinunua. Mimi napiga solo kwenye kwaya na kwenye harusi, kuanzia Shangani hadi Masasi, na vyombo vya wenzangu vikigoma huwa vinaletwa kwangu. Vingi havikufa kwa uzee. Adapta ndiyo iliyoviua.

Geuza pedali yako usome kibandiko. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, hasi ikiwa katikati na chanya nje. Hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu adapta za ruta, za ving'amuzi na za vinanda vya Yamaha zina chanya katikati, na nyingi zinatoa volti 12. Kichwa chake kinaingia bila ubishi, maana kipimo ni kilekile: milimita 5.5 nje, 2.1 ndani. Kanisani adapta ya kinanda iko pale pale miguuni mwa mpiga gitaa. Anaichomeka, taa haiwaki, anaitikisa, anaiacha kidogo aone. Pedali nzuri ina dayodi ya kuilinda, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, lakini dayodi hiyo hulinda kwa kujitoa mhanga: ikiachwa hivyo inaungua, au inaungua njia ya shaba iliyo karibu nayo, na pedali inakaa kimya mpaka fundi aifungue.

Kwenye kibandiko tafuta kimchoro cha duara lenye nukta katikati. Mstari unaotoka kwenye nukta ukienda kwenye alama ya kutoa, hiyo ndiyo yenyewe. Kama kibandiko kimefutika, azima mita kwa fundi simu yeyote. Iweke kwenye volti 20 za DC, ncha nyekundu iingize ndani ya tundu la kichwa cha adapta, ncha nyeusi iguse chuma cha nje. Ikisoma 9 yenye alama ya kutoa mbele, hasi iko katikati, endelea. Ikisoma 9 tupu, iache. Ikisoma 12 au 13 ilhali kibandiko kinasema 9, umeshika adapta ya zamani ya transfoma isiyo na regyuleta, yaani kidhibiti cha volti: isipokuwa na mzigo volti zake hupanda, na umeme wa ukutani ukicheza, nazo zinacheza. Sipendi kuiona karibu na pedali yoyote. Zipo pia adapta zinazotoa AC, umeme wa kugeuka pande kama wa ukutani, kwa mfano za pedali ya dilei ya Line 6 DL4 za mwanzo. Hizo ni za chombo chake tu, usizihamishe.

Volti ndizo zinazoua. Baadhi ya ovadraivu, ndugu mpole wa distoshoni, hukubali 12 au hata 18, lakini nyingine ndani yake zina chipu ndogo ya kuongeza volti ambayo ikizidishiwa kupita 10 hivi inakufa papo hapo. Usibahatishe. Miliampea, zile mA, ni habari tofauti, na watu wanaziogopa bure. Adapta ya mA 1000 haiwezi kuisukumia pedali ya mA 10 umeme usioutaka. Pedali huvuta kiasi chake, basi. Tatizo ni pale adapta inapokuwa ndogo. Ovadraivu na distoshoni za kawaida, kama DS-1 ya Boss au Tube Screamer ya Ibanez, hula chini ya mA 20. Dilei na riverbu (mwangwi wa ukumbi) za dijitali zinaanzia mA 50 na nyingine zinafika 300. Zoom G1 Four, pedali yenye sauti nyingi ndani yake, peke yake imepangiwa adapta ya mA 500. Jumlisha zako zote, kisha acha nafasi ya robo hivi juu yake, maana adapta inayofanya kazi mpaka ukomo wake huchemka, na joto la huku tunalijua.

Sasa kelele. Ule waya wa matawi, adapta moja pedali tano, sio mbaya kama wengine wanavyousema. Ukiwa na wawa, ovadraivu na korasi tu, zote za analogi, unaweza kupiga miaka bila shida. Mambo huharibika pedali ya dijitali inapoingia kwenye waya huo huo. Ndani yake kuna saa ya kielektroniki inayokwenda kasi sana, na uchafu wake unarudi kwenye waya, unaingia kwenye ovadraivu, unakuzwa. Utausikia mlio mwembamba kama wa mbu, unaozidi ukiongeza geini, yaani nguvu ya ukuzaji. Kama pesa haijatosha, ipe hiyo dijitali adapta yake peke yake, na tofauti utaisikia jioni hiyo hiyo.

Pesa ikitosha, nunua boksi la umeme ambalo kila tundu limetengwa na mwenzake. Hapa uwe macho. Maboksi mengi ya bei chee yameandikwa kwamba yametengwa, kumbe ndani hasi zote zimeungwa pamoja. Dawa yake ni mita tena. Boksi likiwa limechomolewa ukutani, weka mita kwenye alama ya mlio, inayolia ncha zake zikiunganika, ncha moja ndani ya kichwa cha waya wa tundu la kwanza, nyingine ndani ya kichwa cha waya wa tundu la pili. Ikilia, hakuna kilichotengwa, umeuziwa waya wa matawi uliovalishwa boksi. Fanya hivyo dukani kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa, ondoka.

Wenye ndugu Marekani wanaletewa maboksi mazuri kweli, ila someni upande wa kuingiza umeme kabla ya kuyachomeka. Kule ni volti 120, kwetu ni 230. Kikisomeka 100-240V, karibu nyumbani. Kikisomeka 120V tu, kama Voodoo Lab Pedal Power 2 Plus ya soko la kule, hakiingii ukutani Mtwara bila transfoma ya kushusha.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali. Amplifaya ikivuma, usikate wala usiondoe pini ya ethi, ile ya waya wa ardhini, kwenye plagi. Nimeona mafundi wa muziki wakifanya hivyo na kusifiwa kwamba kelele imeisha. Ethi ndiyo inayokuokoa kasha la chuma la amplifaya likishika umeme, wakati vidole vyako viko kwenye nyaya za chuma na mdomo uko kwenye maikrofoni. Mvumo utafutiwe dawa nyingine: chomeka amplifaya na boksi la pedali kwenye ekstensheni moja, na usogeze waya za umeme mbali na za gitaa.

Kwa wanaopiga vijijini, Newala, Tandahimba, Nachingwea, ambako ukumbi unatumia jenereta au sola, ushauri wangu ni betri ya sola ya volti 12. Usiichomeke moja kwa moja, ikichajiwa inapita 14. Mwambie fundi redio akuwekee regyuleta ya 7809 na kipande cha bati cha kupoza, pamoja na kapasita zake na fyuzi karibu na betri. Fyuzi usiisahau, betri ya namna hiyo ikipigwa shoti inawasha moto. Mradi volti za betri hazijashuka chini ya 11, utapata 9 iliyotulia, safi kuliko adapta nyingi nilizowahi kusikia. Ukipiga mchana, tenganisha paneli kwanza, kwa sababu chaja nyingi za sola nazo zina mlio wake.

Pawabenki nayo inafaa, kwa waya wa kupandisha volti 5 kuwa 9. Ya mAh 10,000 itabeba pedali zinazokula jumla ya mA 200 kwa zaidi ya saa kumi. Ila pedali ikiwa moja na ndogo, pawabenki nyingine hudhani hakuna kitu na kujizima, kwa hiyo ijaribu nyumbani. Na wenye betri za mraba za volti 9: pedali huwaka mara tu waya wa gitaa unapochomekwa upande wa kuingilia, hata kama taa imezimwa, basi chomoeni waya mkimaliza kupiga. Chumvi ya bahari hii inafanya vichwa vya adapta kuwa vya kijani. Vifuteni kwa spiriti, na kinachocheza kwenye tundu ujue ni cha milimita 2.5, kibadilisheni.