Wasusi wangu hawakai. Nizuie kamisheni yao?

SWALI: Nina saluni ya viti sita Umoja, Nairobi. Tangu Januari wasusi wanne wameniacha, wawili wakaondoka na wateja, ilhali nawalipa nusu kwa nusu. Mshauri mmoja amesema nizuie kamisheni ya mwezi mmoja iwe dhamana, na anayechelewa nimtoze shilingi 200. Nianze lini?

JIBU: Usianze, mama. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kimetaja makato yanayoruhusiwa. Asiyefika siku nzima bila ruhusa unaweza kumkata ujira wa siku hiyo. Faini ya kuchelewa haimo, wala dhamana ya kumfunga mtu asihame. Na kulipwa kwa kichwa hakumwondoi mtu kwenye sheria hiyo (anayekodi kiti ni habari nyingine).

Linalonichosha ni hili la "nawalipa nusu kwa nusu". Naletewa kila wiki. Nusu ya nini? Pesa zinaingia kwenye M-Pesa yako, daftari liko mkobani mwako, na Jumamosi jioni msusi anaambiwa tu kiasi chake, umeme na shampuu vikiwa vimeshatolewa. Mteja anayeingia bila miadi anapelekwa kwa mpwa wako. Huyo msusi atakwenda kwa jirani hata kwa asilimia 40, mradi aione hesabu.

Mwaka jana nilikuwa nimeketi katika saluni moja nikimsubiri mwenyewe. Alipoingia alimpokonya msusi chanuo, akafumua mistari mitatu, akauliza, "Hii unaita kusuka?" Mteja yuko kitini, anatazama kioo. Msusi hakujibu. Alimaliza kichwa, akamsindikiza mteja hadi ngazini, na nikaona simu ikitolewa, namba ikiandikwa. Mwezi uliofuata mwenye saluni alinipigia kulalamika kwamba jirani "amemnunua" msusi wake.

Kwa hiyo andika kila kichwa msusi akiwa hapo, jioni atie sahihi. Wasio na miadi wagawe kwa zamu. Kosa la mkono lisemee chumba cha nyuma.

Mshauri wako muulize amewahi kulipa wasusi wangapi. Hawa wamejaa mjini: wanauza mkataba ulionakiliwa, jina la saluni nyingine halijafutwa vizuri ukurasa wa pili, wengine wanawafundisha wenye saluni kushika vitambulisho vya wafanyakazi. Kama unasoma hapa na una kitambulisho cha mtu kwenye droo, mrudishie leo kabla hujafungua.