Dawa ya muda imemomonyoka juu ya gego lililozibwa mizizi
Ndugu wa Mbagala, umeuliza kuhusu gego lako lililozibwa mizizi, ambalo dawa ya muda, yaani kizibo cha juu cha kushikilia tu, imemomonyoka. Gutapecha, ule utomvu kama mpira unaojazwa ndani ya mizizi, yenyewe haishikani na ukuta wa jino. Mianya huzibwa na saruji nyembamba inayopakwa pembeni yake, na hata hiyo haihimili mate kwa muda mrefu. Bakteria wa mdomoni mwako watapitia juu, palipomomonyoka. Dawa ya muda yenye unene chini ya milimita 3.5 huvuja mapema, nawe unasema yako imemomonyoka wiki tatu sasa! Usisubiri maumivu, jino lililotolewa neva huchelewa kuuma. Rudi upigwe eksirei kuona kama ujazo wa mizizi umefika panapotakiwa: uishie ndani ya milimita 2 kutoka ncha ya mzizi. Daktari akiona mate yamepenya, atafungua, asafishe upya kwa sodiamu haipokloraiti, dawa ya kuua bakteria, azibe, kisha alivishe jino kofia ngumu ya kulifunika.