Mamlaka ya bustani kutoka Njoro hadi Nakuru inawezekana, ila msianze na miti

Ndugu wa Njoro,

Umeuliza kama wananchi wa kawaida wanaweza kuunda chombo kimoja cha kulinda ardhi ya wazi kuanzia Njoro hadi Nakuru mjini, yaani kingo za mto, vilima na viwanja vilivyobaki, kwa mfano wa zile wilaya za bustani, yaani mamlaka za umma za kusimamia bustani za eneo zima, ulizosoma kuwa ziko Marekani. Wawili wamekujibu kwamba kwa Kenya hilo haliwezekani. Mwingine amekushauri muanze kwa kupanda miti. Mimi nimekaa kwenye kamati ya uwanja wa mtaa wetu hapa Nakuru miaka tisa, mitano kati ya hiyo nikiwa katibu, na jibu langu ni kwamba inawezekana, na sheria zipo. Ila msianze na miti. Sisi tulianza nayo, na nusura uwanja wote utuponyoke.

Mtaa wetu ulikuwa shamba la mlowezi. Miaka ya sabini likanunuliwa na kampuni ya wanahisa, kama mashamba mengi ya huku yalivyonunuliwa. Watu walichanga, wakapewa vyeti vya hisa, mpima ardhi akaja akakata shamba. Kwenye ule mgao zikatengwa ploti za umma: ya shule, ya josho la ng'ombe, ya soko, na ya uwanja, ekari mbili na nusu. Wazee walizijua kwa macho. Ukiuliza hii ni ya nani, unaambiwa ni ya umma, basi yameisha. Watoto walicheza mpira pale, baraza la chifu lilifanyika pale, na msimu wa mavuno akina mama walianika mahindi kwenye maturubai pembeni.

Sisi vijana wa wakati ule tukaamua kupapamba. Tukapanda miti ya mikima na Nandi flame kuzunguka uwanja, mwakilishi wadi akaja, tukapiga picha. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, lori likamwaga mawe ya ujenzi karibu na goli. Mwenye mawe alikuwa na hati miliki mkononi. Tulipomwonyesha miti yetu akatujibu kwa upole kabisa kwamba anatushukuru kwa kumpandia.

Tulipofanya sachi, yaani kukagua rejista ya ardhi kuona ploti iko kwa jina la nani, ndipo tulipojua ukweli. Kampuni ilipomaliza kugawa shamba, ploti za umma zilipaswa kukabidhiwa halmashauri ya wakati huo. Ile ya uwanja haikukabidhiwa. Ilibaki kwa jina la kampuni zaidi ya miaka thelathini, bila mtu kuuliza, mpaka wakurugenzi waliobaki wakaiuza. Yaani kile tulichokiita mali ya umma hakikuwa mali ya umma kwenye karatasi hata siku moja. Ndugu yangu, jambo hili liliniuma kuliko lile lori. Lori ulikuwa unaliona.

Kilichotuokoa ni sanduku la bati. Mzee mmoja mwanahisa alikuwa amehifadhi nakala ya ramani ya mgao pamoja na cheti chake cha hisa, na kwenye ramani ile ploti yetu ilikuwa na namba na neno moja lililoandikwa kwa mkono la kuonyesha ni uwanja wa michezo. Kwa karatasi ile tuliomba msajili wa ardhi aweke zuio ili ploti isiuzwe tena, kisha tukaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, au kinyume cha sheria na utaratibu. Na ukidai haki yako ya mazingira safi, Kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara. Ilituchukua miaka mitatu na michango ya shilingi 200 kwa kila nyumba kila mwezi. Hati ikafutwa, ploti ikasajiliwa kwa kaunti kwa niaba ya wakazi. Yule mzee aliishi kuiona siku hiyo, na kila nikipita pale namkumbuka.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, kwa sababu wewe huulizi habari ya uwanja mmoja.

Kesi ikiwa inaendelea, yule jamaa mwenye hati alikuwa ameshajenga ukuta upande wa juu wa uwanja. Mvua za Aprili zikaja. Wanaokaa Nakuru wanajua maji ya mteremko wa Menengai yanavyoshuka: udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, hukatika na kufanya makorongo kwa siku moja. Miaka yote maji yale yalikuwa yakitawanyika kwenye uwanja na kuzama polepole. Safari hii yalikuta ukuta, yakageuka, yakaingia kwenye nyumba za safu ya chini. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba uwanja wetu ni sehemu ya njia ndefu inayoanzia mlimani na kuishia ziwani. Na ile njia haina mwenyewe. Juu kuna msitu wa Menengai ulio chini ya KFS, shirika la misitu. Chini kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kilomita za mraba 188, yenye ua pande zote, chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Katikati, tunakoishi sisi, kila kipande kina bosi wake au hakina kabisa.

Kwenu Njoro ni vilevile. Mto Njoro unaanza msitu wa Mau Mashariki, unapita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, unapita mji wenu, unakuja kupita pembeni mwa mitaa yetu ya magharibi na kuingia ziwani. Maji ya mto wenyewe yana msimamizi. Lakini ukingo unalimwa na huyu, unachimbwa mchanga na yule, unatupwa taka na mwingine. Kanuni zinataka kati ya mita 6 na 30 ziachwe kila upande, na wakulima wengi wa kando ya mto hawajawahi kuonyeshwa mita hizo zinaishia wapi. Kuhusu ziwa lenyewe sina haja ya kukueleza. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 limepanda mpaka likameza lango kuu la zamani la hifadhi na kuwahamisha watu wa maeneo ya kando yake ya Mwariki na Barut. Yanayotokea juu yanatufikia huku chini.

Huo mfano wa Marekani nimeusoma pia, na una somo zuri kuliko watu wanavyodhani. Wilaya ya bustani ya East Bay, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, ilitokana na ardhi ya maji. Shirika la maji la huko lilianza kuleta maji kutoka mto wa mbali, likabaki na ardhi kubwa ya vilima ambayo halikuihitaji tena, na watu wakaogopa itauzwa. Kitu cha kwanza walichofanya ni uchunguzi: mwaka 1930 ikatoka ripoti iliyoonyesha vilima gani vinafaa kuwa bustani na kwa nini. Shirika la maji halikutaka kazi ya bustani, kwa hiyo wakaomba sheria ya kuruhusu chombo kipya. Novemba 1934, katikati ya dhiki kuu ya uchumi, wapiga kura wa miji saba wakakubali kujitoza kodi ndogo kwenye mali zao, na asilimia 71 wakasema ndiyo. Bustani za kwanza zilifunguliwa 1936. Angalia mfuatano huo: ramani, kisha chombo chenye bodi inayochaguliwa na wananchi, kisha pesa yake yenyewe, kisha ardhi. Miti na viti vya kukalia vilikuja baadaye.

Tofauti yetu ni kwamba wao walikuwa wanaongea na mwenye ardhi mmoja anayejulikana. Sisi tuna mamia, na wengine wamekufa hati zikiwa bado kwa majina yao. Ndiyo maana nakusisitizia karatasi.

Upande wa sheria, Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti jukumu la bustani, fukwe na sehemu za burudani. Kwa kuwa Njoro na Nakuru ziko kaunti moja, hamhitaji kusubiri Bunge la Nairobi. Bunge la kaunti linaweza kutunga sheria ya kuunda chombo hicho. Mkitaka baadaye kuvuka mpaka kwenda kaunti jirani, Kifungu cha 189 kinaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kodi mpya ndiyo ngumu. Kifungu cha 209 kinaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na ya burudani, na nyingine yoyote lazima iidhinishwe na Sheria ya Bunge. Kwa hiyo msiwaahidi watu kodi ya bustani kama ya East Bay. Ombeni kaunti ianzishe mfuko maalumu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, utakaotengewa sehemu ya mapato yaliyopo. Bila mfuko wenye jina lake, pesa ya bustani itakuwa ya kwanza kukatwa kila bajeti ikibana. Nimeona hivyo mara mbili, na mara zote mbili tulichelewa kwenye vikao vya maoni. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukianza kulalamika Juni, umelalamikia hewa.

Kuna silaha moja ambayo watu hawaitumii. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaitaka kila kaunti ianzishe bustani za miti au maeneo ya kijani kwa wakazi wake, na iwatake wanaojenga mitaa ya nyumba watenge angalau asilimia 5 ya ardhi kwa maeneo hayo. Njoro inakatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100 kila mwezi. Kila mgao mpya unapotangazwa, mtu wenu mmoja aende aulize: asilimia 5 iko wapi kwenye ramani, na itasajiliwa lini kwa jina la kaunti? Aulize kwa barua, abaki na nakala yenye mhuri. Sisi tungekuwa na mtu kama huyo miaka ya sabini, tusingeingia mahakamani.

Nikuonye jambo moja ambalo kwetu lilikaribia kuvunja kamati, na nadhani kwenu litakuwa zito zaidi. Huku Nakuru neno uhifadhi linawatia watu hofu. Kuna familia zilizotolewa Mau, kuna waliochomewa nyumba kwenye ghasia za 1992 na 2008, na wote hao wakisikia kuna chombo kipya kinachopima ardhi, wanasikia kufukuzwa. Mkutano wetu wa kwanza kuhusu ukingo wa mto ulivunjika kwa sababu tulikuja na kamba ya kupimia kabla hatujaongea na mtu yeyote. Mama mmoja anayelima sukuma wiki pale aliniuliza, mwanangu, mmetumwa na nani? Sikuwa na jibu la kumtosha. Ilituchukua mwaka kurudi. Tulirudi na ramani kubwa tuliyoichapisha, tukaitundika ukutani kanisani na msikitini, tukaisoma kwa sauti kwa Kiswahili kipande kwa kipande, na kila mtu akaonyeshwa shamba lake na wapi mita zinapoanzia. Tukaihakikishia kila jamii kwamba itakuwa na mtu wake kwenye kamati. Anayelima ukingoni tulimwomba aache mazao ya kulima kila msimu, apande nyasi za ng'ombe na mianzi, akate na kuuza mwenyewe. Yule mama sasa anauza nyasi za napier kwa wenye ng'ombe wa maziwa na ndiye mweka hazina wetu. Msimfukuze mtu. Ardhi ya wazi iliyopatikana kwa kumfukuza jirani itakuwa na adui anayelala mita mia kutoka hapo.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama watu watozwe kiingilio. Karura kule Nairobi kuna ada, na imesaidia kulipa walinzi na kutunza ua. Lakini Karura ni msitu wa karibu hekta 1,000 ndani ya mji wenye watu wanaoweza kulipa. Ukingo wa Mto Njoro ni njia ya watoto kwenda shule. Mimi ningepinga ada yoyote pale.

Kwa hiyo kama ningekuwa wewe, ningeacha kabisa jina la mamlaka kwa miezi sita ya kwanza. Tafuteni watu kumi na wawili wanaoweza kusoma ramani au walio tayari kujifunza. Nendeni kwa wazee wa kila kampuni ya mashamba mliyonayo, muulizie masanduku ya bati kabla wenyewe hawajafariki na watoto kuchoma makaratasi. Nunueni ramani za rejista za vijiji mnavyopitia, zile zinazoonyesha namba na mipaka ya kila ploti, mtie rangi kila ploti iliyotengwa kwa umma, kisha mfanye sachi moja moja, mkianza na zile zilizo mtoni. Mtakuta nyingine ziko salama kwa jina la kaunti, nyingine kwa jina la kampuni iliyokufa. Hizo za pili ndizo za haraka, na orodha yake ndiyo mtakayoipeleka bunge la kaunti kama ombi rasmi. Mwakilishi wadi huwa anasikiliza tofauti akiwekewa mezani namba za ploti.

Nina nakala ya barua tuliyomwandikia msajili na fomu ya zuio tuliyojaza. Nitazifuta majina na kuziweka hapa kesho jioni. Na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao niko huru. Kama mtakuwa mmeshapata hata ramani moja, niambie tukutane pale darajani saa mbili asubuhi tutembee nayo mpaka Egerton.