Linnea Halipigwi Picha Ukiwa Umesimama

Juzi dada mmoja aliyehamia Uswidi mwaka jana kanitumia ujumbe: "Dada, lile ua la rangi ya waridi ulilipigaje picha? Mimi nikiingia msituni naona miti tu." Nilicheka. Miaka minne na mimi niliona miti tu.

Naishi Småland, kusini mwa nchi, na linnea ndilo ua la jimbo letu. Mmea wenyewe unatambaa juu ya kuvumwani, ule uoto laini wa kijani, chini ya misonobari, usipoinama utaukanyaga. Kikonyo ni cha sentimita chache, chembamba kama uzi wa kushonea. Juu kinagawanyika mara mbili, na kila upande unaning'inia kengele moja ya rangi ya waridi, imeinamisha uso kama bi harusi. Jioni hunukia lozi.

Carl Linnaeus, mtaalamu maarufu wa mimea aliyezaliwa huku mwaka 1707, alilipenda kuliko maua yote. Rafiki yake Gronovius, naye mtaalamu wa mimea, akaliita ua hilo kwa jina la Linnaeus. Linnaeus mwenyewe aliandika kwamba ni mmea duni, usiojaliwa, unaochanua muda mfupi, kama yeye. Mzee alijishusha huku anajisifu! Namwelewa sana.

Maana nilijiunga na kikundi cha wapiga picha, nikaonyesha linnea yangu ya kwanza. Ilikuwa na ukungu, nakiri. Bwana mmoja akaniuliza mbele ya watu kwa nini nisisubiri nikienda kwetu nikapige picha tembo. Wakacheka, nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikula.

Kiangazi kilichofuata mvua tupu. Mwaka huu, picha yangu imetundikwa maktaba ya mtaani mwezi mzima, na yule bwana alikuja, akasimama mbele yake kitambo kirefu. Sikumsalimia.

Basi, siri yangu: lala chini. Kifudifudi, kidevu kwenye kuvumwani. Ukipiga kutoka juu utapata visogo vya kengele tu. Mistari mizuri imo ndani. Nenda mwishoni mwa Juni au Julai, saa tatu usiku, jua likiwa bado linapenya ubavuni mwa miti. Mbu watakula, vumilia. Na usichume. Ua hili halizai mbegu kwa chavua yake lenyewe, linahitaji ya mmea mwingine, na zulia zima unaloliona linaweza kuwa mmea mmoja uliotambaa.

Ndugu zangu, tunakuja huku tunahesabu zamu, bili na pesa za kutuma nyumbani, halafu tunalalamika nchi ni baridi na haina kitu. Umeshalala chini? Sheria yao inamruhusu kila mtu kutembea msituni bila kumwomba mwenye shamba, nawe umejifungia na simu! Lala chini, nasema tena.

Dada, Jumamosi nina nafasi. Vaa suruali ya zamani, magoti yatatoka ya kijani.