Maswali na Majibu: Kusaidiana wauguzi baada ya kifo wadini

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Mimi ni mkunga hapa Lamu. Wiki iliyopita tulimpoteza mama aliyeletwa kwa boti usiku akivuja damu. Wenzangu wawili hawalali, na mmoja anataka kuhama wadi. Msimamizi ataka tukae sote, kila mtu asimulie alivyoona, ili tupunguze mzigo. Je, inafaa?

JIBU: Waalaikum salaam, dadangu, na poleni nyote. Nia ya msimamizi wenu ni njema, lakini njia hiyo siiungi mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri kwamba watu waliopatwa karibuni na tukio la kutisha wasiketishwe na kusimulishwa tukio hilo kwa matumaini ya kuwakinga na mfadhaiko wa baadaye.

Kinachofaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo nguzo zake ni kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada, na ambayo mkunga yeyote mtulivu aweza kufundishwa. Zamu ikiisha, mchukue mwenzako mahali pa faragha, wala si barazani ambako kila apitaye husalimia, umuulize amelala vipi na amekula nini, kisha unyamaze. Akitaka kusema atasema, asipotaka, usimchokonoe.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni siri. Katika mji kama wenu, mkunga huenda akawa jirani wa marehemu au binamu wa mumewe, na neno moja likitoka wadini hufika nyumbani kwao kabla ya magharibi. Kwa hiyo msiandike kumbukumbu za mazungumzo hayo, msiyapeleke WhatsApp, na msimamizi anayepanga zamu na kuandika tathmini za kazi asiwe msikilizaji. Waelezeni watu mapema kwamba siri hiyo itavunjwa tu pale mtu anapokuwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mgonjwa. Ukaguzi wa kifo cha mzazi, yaani uchunguzi wa kilichosababisha mama kufariki, nao uwe kikao chake peke yake, kwani mtu anayehofia kulaumiwa hawezi kulia mbele ya anayejaza fomu.

Yule anayetaka kuhama, muulizeni kwa upole kama wazo hilo lilianza wiki iliyopita au zamani. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022 hauuhesabu uchovu wa kazi kuwa ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba hufanyi la maana. Ikiwa ndivyo alivyo, mazungumzo peke yake hayatoshi. Ratiba ya zamu na idadi ya wakunga wa usiku lazima ziangaliwe, na hilo ni jukumu la uongozi. Kumtaka mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo abaki kwa kikao cha kufarijiana ni kumdhulumu, basi mazungumzo yafanyike ndani ya saa za kazi.

Usingizi ukikataa kurudi baada ya mwezi mmoja, au picha za usiku ule zikiendelea kumjia, apelekwe kwa mshauri nasaha asiye wa kituo chenu, hata kama ni kwa simu na aliyeko Malindi au Mombasa. Akianza kutaja kufa, msingoje mwezi: asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.