Usifute chochote jioni hii, ona wingu kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo data usiifute. Kama ukurasa wa kufutia umeshaufungua, ufunge, kisha urudi hapa usome.

Kwa wanaopita tu: mleta uzi yuko Kasulu, laptopu yake ina RAM ya GB 4 na inajikokota, anatunza hesabu za ghala la mahindi la kikundi chao kwenye Majedwali ya Google (Google Sheets). Wiki nzima anaandika bila mtandao, bando anaweka siku ya soko. Ameuliza kivinjari kipi ni chepesi, viendelezi gani (programu ndogo za kubandika kwenye kivinjari) aongeze, njia za mkato za kibodi, na kalenda gani inafaa kupangia kazi. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayeaga mlangoni, kaandika: "Leo jioni nafuta data yote ya Chrome, muda wote, nimeona kwenye video inarudisha kasi." Watu wamejibu kuhusu kalenda, wamejibu kuhusu viendelezi, hiyo sentensi wameiruka. Mimi nimeganda hapo hapo.

Mwaka 2024 nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaoanika dagaa, kijiji kimoja cha mwambao kaskazini mwa Gombe. Ukitoka Kigoma mjini unapandia boti Kibirizi. Wanachama 28, hisa moja shilingi 2,000, mtu haruhusiwi kuzidi hisa 5 kwa kikao, kikao kila Jumamosi. Sanduku la kufuli tatu, washika funguo watatu, na kaunta buku moja kubwa lililovimba kwa unyevu, kurasa zimeshikana kwa mawese. Lilikuwa baya kulitazama, lakini halijawahi kupoteza hata hisa moja. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wale mama nikawaambia tuachane nalo. Niliwaonyesha jedwali: unaingiza hisa, jumla inajipiga yenyewe, mkopo unajua riba yake, rejesho likiingia deni linashuka. Walipiga makofi. Hata vile vijitabu vya kila mwanachama tukaviweka kando, maana nilisema havina kazi tena.

Kijijini mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilifanya kama unavyofanya wewe. Nikiwa mjini na bando nikawasha matumizi ya nje ya mtandao, nikaliwekea jedwali alama ya kupatikana bila mtandao, nikapanda boti. Vikao vya Aprili 13, 20 na 27 vyote niliviandika hivyo. Jedwali lilifunguka vizuri, hesabu zilijumlisha, na juu karibu na jina la faili paliandikwa kwamba kazi imehifadhiwa. Nikaridhika na neno hilo moja, maneno yaliyofuata sikuyasoma. Yalisema: kwenye kifaa hiki.

Hapa naomba uende nami polepole. Ukiandika bila mtandao, maandishi yako hayajaenda popote. Kivinjari kinayaweka ndani ya kompyuta, kwenye stoo yake ya data za tovuti, yakae humo mpaka mtandao upatikane ndipo yapande kwenye Hifadhi ya Google, yaani Google Drive, kwenye kompyuta za Google huko mbali. Hilo ndilo wingu. Ni kama gunia ulilolishusha ufukweni Kibirizi, boti haijaja. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Delete uone ile orodha ya kufuta. Kuna kisanduku cha vidakuzi na data nyingine ya tovuti. Vidakuzi, yaani zile kuki, ni vitu vidogo vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia, vikifutwa utaandika nywila upya kwenye tovuti zako na maisha yataendelea. Lakini stoo yako imefungiwa kwenye kisanduku hicho hicho. Ukikitia tiki, kuki zinaondoka na gunia lako linaondoka nazo. Halipiti kwenye pipa la taka la kompyuta. Na lile pipa la Hifadhi linalotunza faili zilizofutwa kwa siku 30 halina habari nalo, kwa sababu gunia halikuwahi kufika huko.

Nilirudi mjini Jumatatu, Aprili 29. Laptopu ilikuwa nzito kama yako, nikapitia kwa fundi wa kompyuta mtaa wa Mwanga kabla hata ya kufika nyumbani. Modemu ilikuwa mfukoni na bando lilikuwemo. Nikasema nisilichezee, nitaliwasha nyumbani nikiwa nimetulia. Mkuu, dakika mbili za mtandao zingetosha. Maandishi ya vikao vitatu ni mepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Nilibana bando la shilingi mia chache nikaiacha hesabu ya watu 28 ufukweni.

Fundi akanionyesha video kwenye simu yake, jamaa anapaza sauti kwamba kompyuta itakimbia kama imetoka dukani, tia tiki zote, chagua muda wote. Nikamuuliza fundi kazi zangu hazitapotea? Akajibu bila kuinua macho: "Bro, za Google ziko mawinguni, haziwezi kupotea." Nikabonyeza kwa kidole changu mwenyewe.

Nina hasira na hao wawili mpaka leo na sioni sababu ya kuimeza. Yule wa kwenye video anazungumza na watu ambao mashine zao ziko hewani saa ishirini na nne. Kwao kila herufi imeshapanda, kwa hiyo kweli hawapotezi kitu. Hakutumia hata sekunde tano kusema: kama unafanya kazi bila mtandao, kisanduku hiki usikiguse. Sekunde tano tu! Na fundi ndiye mbaya zaidi, kwa sababu yeye anatujua. Anajua watu wanashuka na boti, wanashuka na treni, wanatoka Buhigwe na Uvinza na mashine ambazo hazijaona mtandao wiki mbili. Swali la kwanza kwa mteja wa hapa linatakiwa liwe moja: mara ya mwisho uliunganisha lini? Hakuuliza. Nilipomrudia nikilia, akataka shilingi 50,000 ya "kurudisha data". Nikatoa. Alichorudisha ni picha za harusi za mtu aliyeimiliki ile laptopu kabla yangu, maana niliinunua ya mtumba. Harusi ilipendeza. Hisa hazikuwemo.

Na asije mtu akaniambia hapa "si ungepiga picha skrini kwa simu". Simu yangu wakati ule ilikuwa ya tochi. Inapiga mwanga, haipigi picha.

Nyumbani nikawasha modemu, nikafungua jedwali, nikaenda kwenye historia ya matoleo, panapoonyesha faili lilibadilishwa lini. Badiliko la mwisho: Aprili 6. Nikafunga, nikafungua tena. Aprili 6. Nilikaa na ile tarehe mpaka bando likaisha.

Ziwa Tanganyika lilikuwa linafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, na akina mama walikuwa wamepanga kugawana Mei 11 ili kila mmoja aingie kwenye miezi hiyo mitatu akiwa na chochote. Nikapanda boti kurudi kuwaambia. Mama mwenyekiti hakufoka. Aliniacha nikamaliza maelezo yangu yote ya kuki na mawingu, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, daftari letu liko wapi?"

Tulikaa jioni tatu kando ya vichanja vya dagaa tukijenga upya vikao vitatu kwa kumbukumbu za watu. Fedha zenyewe zilikuwemo sandukuni, hazikuguswa. Kilichopotea ni nani ana ngapi. Mmoja anasema Aprili 20 alinunua hisa tano, jirani yake anasema hapana, siku ile ulinunua mbili ukasema mtoto anaumwa. Mwingine alirejesha mkopo, aliyempokelea fedha alikuwa amesafiri. Waliotumiana kwa simu tulisoma meseji za miamala moja moja. Mama mmoja asiyejua kusoma alitupeleka nyumbani kwake, nyuma ya mlango alikuwa anachora mstari wa mkaa kwa kila hisa, na mistari yake ndiyo hesabu pekee ambayo hakuna aliyeibishia. Dada wawili wa tumbo moja waliacha kusalimiana kwa ajili ya hisa tatu. Shilingi 6,000! Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Tulipojumlisha madai yote yakazidi fedha za sandukuni kwa shilingi 186,000. Nikasema nitaifidia mimi. Niliuza paneli yangu ya sola na betri yake, mgao ukafanyika siku ile ile iliyopangwa. Kaunta buku jipya lilinunuliwa, na hawakunikabidhi mimi.

Kwa hiyo kwangu mimi kanuni ni moja: usifute, usimpe fundi, usipige Windows upya, usihame kivinjari, kabla hujaona wingu. Fanya hivi. Weka bando, hata la siku moja. Fungua lile jedwali lenyewe. Usiishie kwenye ukurasa wa mwanzo, fungua kila faili uliloliandikia bila mtandao. Subiri. Tazama karibu na jina la faili, pana kialama cha wingu, kibonyeze kikuambie. Kikisema mabadiliko yamehifadhiwa kwenye Hifadhi, vizuri. Kikitaja kifaa hiki, gunia bado liko ufukweni, na wewe usiondoke. Halafu usikiamini hata hicho kialama peke yake: chukua simu, yako au ya mtu mnayeaminiana, ingia kwenye akaunti yako, fungua jedwali lile lile, utafute mstari wa mwisho uliouandika wiki hii. Ukiuona kwenye kioo cha simu, ndipo umefika. Ukimaliza na simu si yako, toka kwenye akaunti.

Hapo kwenye kuhama kivinjari nirudie, kwa sababu umeuliza kipi ni chepesi na kuna mtu juu kakwambia uiondoe Chrome uweke kingine leo hii. Kazi inayosubiri ndani ya Chrome haihami na wewe, inabaki kwenye stoo ya Chrome. Ukiiondoa Chrome na data zake, umefuta. Isitoshe, haya matumizi ya bila mtandao ya Google yanataka Chrome au Edge, na yanataka kile kiendelezi chao cha nje ya mtandao. Firefox ni nzuri kwa kusomea, mimi naitumia kwa magazeti, lakini kazi yako hiyo haitakwenda nayo. Hali fiche (incognito) nayo vivyo hivyo, humo hakuna kazi ya bila mtandao. Na kagua mipangilio yako: kuna swichi inayofuta data za tovuti kila unapofunga madirisha yote. Wengine huwashiwa na mafundi "kwa usalama". Ikiwa imewashwa, kila jioni unapofunga laptopu unajifanyia nililojifanyia mimi.

Ukitaka kufuta kitu ili upate nafasi, futa picha na faili zilizoakibishwa tu, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari kimejiwekea (cache). Hiyo haigusi stoo. Ila ujue itakula bando, maana kurasa ulizozoea zitapakuliwa upya zote, na kasi sanasana haitabadilika. Kinachokulemea kwenye GB 4 ni vichupo, zile tab unazofungua juu ya kivinjari. Bonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome, itakuja orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi na kumbukumbu kinachokula. Utakuta kimoja kinameza kama mbuzi shambani, kizime. Kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji, pana kitu cha kuokoa kumbukumbu kinacholaza vichupo usivyovigusa. Kiwashe, lakini iandikie docs.google.com kwenye orodha ya tovuti zisizolazwa. Viendelezi usiongeze, punguza. Ubaki na kile cha nje ya mtandao na kimoja cha kuzuia matangazo. Njia ya mkato jifunze moja, Ctrl, Shift na T, inarudisha kichupo ulichokifunga kwa bahati mbaya.

Na nakala ya pili, mkuu. Kila Ijumaa chagua jedwali zima, nakili, bandika kwenye LibreOffice, programu ya majedwali na maandishi, ni ya bure na haihitaji mtandao ikishawekwa, hifadhi kwenye fleshi yenye tarehe kwenye jina la faili. Fleshi ikae kwa mtu mwingine wa kikundi. Na daftari la ghala, kama bado mnalo, wasiliache. Waambie hata kama wanakuona umerudi nyuma.

Sasa weka bando, fungua jedwali, ubonyeze hicho kialama. Kisha niandikie hapa kimesema nini, neno kwa neno. Niko macho mpaka saa sita.